Gia Boksi Imebadilika, Klachi Ifuate Upande Gani? Njia Nne Zikilinganishwa

Mwenye gari akinunua gia boksi ya mtumba, iwe Mwanjelwa jijini Mbeya au kwa wauza spea wa Iringa mjini, mara nyingi hupewa gia boksi tupu. Shafti inazunguka, gia zinaingia, lakini klachi iliyofanya nayo kazi ilibaki kwenye injini nyingine. Akirudi nayo gereji ndipo swali linapoanza. Pleti ya klachi iliyo kwenye injini yake haiingii kwenye shafti ya gia boksi hii, au inaingia lakini inacheza, au inaingia vizuri kabisa, kisha siku ya kuwasha gari pedeli inakanyagwa hadi chini na gia bado zinakwaruza. Muuza duka atauliza jina la gari na mwaka wake, na hapo hakuna jibu la kweli la kumpa, kwa sababu gari hilo sasa lina injini ya gari moja na gia boksi ya gari jingine.

Njia za kutoka hapo ni nne. Unaweza kuhamisha seti nzima ya klachi pamoja na flaiwili (gurudumu zito lililofungwa nyuma ya injini) kutoka gari lililotoa gia boksi. Unaweza kubaki na klachi ya injini yako, kama gia boksi inaikubali. Unaweza kuchanganya, yaani presha pleti ya injini yako (kifuniko chenye springi kinachoibana pleti kwenye flaiwili) ifanye kazi na pleti yenye kitovu cha gia boksi ngeni. Au unaweza kumpelekea fundi pleti mbili akakutengenezea moja. Kila njia ina watu inaowafaa, na kila fundi huisifu ile aliyoizoea. Kwa hiyo ni vema kuanza na vigezo, kisha kila njia ipimwe kwa vigezo vilevile.

Huku Nyanda za Juu Kusini uamuzi huu una uzito kuliko katika nchi tambarare. Gari linalotoka Kyela, ambako ni chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, linapanda kupitia Tukuyu hadi Mbeya mjini, karibu mita 1,700. Lori la viazi linalotoka Makete au Umalila linaondoka shambani kwenye mteremko, tope likiwa limeshika matairi, na lori linalopandisha Kitonga likiwa na shehena linaweza kulazimika kusimama katikati ya kona na kuondoka tena. Injini isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini) hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za mwinuko, hivyo Mbeya mjini inafanya kazi ikiwa imepungukiwa na karibu sehemu moja ya sita. Klachi haiongezewi mzigo na upungufu huo. Tatizo ni kwamba dereva anayeondoka mlimani hulazimika kupandisha mzunguko wa injini na kuiachia klachi polepole zaidi, na ni katika muda huo wa kuteleza ambapo joto linazaliwa na pleti inaungua.

Vigezo vya kulinganishia

Kigezo cha kwanza ni meno ya shafti. Pleti ya klachi ni mtumishi wa mabwana wawili: ukingo wake unabanwa na vyombo vya injini, na kitovu chake kimevaa shafti ya gia boksi. Kitovu hicho lazima kilingane na shafti kwa idadi ya meno, kwa kipenyo na kwa umbo la meno. Shafti mbili zinaweza kuwa na meno 21 kila moja na bado zisivae kitovu kimoja, kwa kuwa moja ni nene kuliko nyingine. Ili usikosee hesabu, weka alama ya chaki kwenye jino moja na uhesabu hadi urudi palepale. Kipenyo nacho kipimwe kwa kalipa, si kwa jicho. Kisha ijaribu pleti yenyewe kwenye shafti iliyofutwa vizuri: iteleze mbele na nyuma kwa kusukumwa na vidole tu, na ukiizungusha kulia na kushoto isisikike ikigonga. Pleti inayohitaji nyundo ili iingie haitaachia injini hata pedeli ikanyagwe namna gani, na pleti inayocheza itayala meno ya shafti mpaka uuze gia boksi kama chuma chakavu.

Pamoja na meno, tazama ncha ya mbele ya shafti. Kwenye magari mengi ya kusukumwa na tairi za nyuma, ncha hiyo huingia katika beringi ndogo ya pailoti iliyo nyuma ya kranki shafti. Beringi hiyo hufuata kranki kwa nje na shafti kwa ndani, na vipimo visipokutana mchonga vyuma anaweza kutengeneza bushi ya shaba nyeusi. Hiyo ni kazi ya kawaida na haina aibu, ilimradi shafti iwe na urefu wa kuifikia.

Kigezo cha pili ni kipenyo na mbano. Uwezo wa klachi kushika hutokana na nguvu ya presha pleti kubana, ukali wa msuguano wa laini (tabaka la msuguano lililo usoni mwa pleti), wastani wa nusu kipenyo cha laini hiyo, na nyuso mbili zinazobanwa. Ukitoka kwenye pleti ya milimita 225 kwenda ya milimita 250 kwa mbano uleule, uwezo unapanda kwa takriban asilimia 11. Viwanda huacha akiba juu ya nguvu ya injini, lakini akiba hiyo haitoshi kuziba pengo la injini mbili tofauti. Injini ya Toyota 3L ina nguvu ya kuzungusha iliyo chini ya nyutoni mita 200, wakati 1HZ ya Land Cruiser inafika takriban 285. Klachi iliyoundwa kwa ya kwanza ikifungwa nyuma ya ya pili inaweza kutembea vizuri barabara ya Uyole hadi Igawa, kisha ikaanza kunuka mlima wa kwanza ikiwa imebeba mbolea.

Katika kigezo hicho kuna jambo la flaiwili ambalo limewagharimu wengi. Magari kadhaa ya dizeli ya miaka ya karibuni yana flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani yake, na pleti inayokaa nayo haina springi katikati. Flaiwili ya kipande kimoja inadai kinyume chake: pleti yenye springi kuzunguka kitovu. Ukifunga pleti isiyo na springi kwenye flaiwili ya kipande kimoja, mtikisiko wote wa injini unakwenda moja kwa moja kwenye gia boksi, nayo itapiga kelele gari likiwa limesimama na itachakaa kabla ya wakati.

Kigezo cha tatu ni rilizi beringi, yaani beringi inayosukumwa pedeli ikikanyagwa ili klachi iachie, na mfumo wa kuikanyaga, na hapa ningemwomba msomaji asipite haraka, kwa maana ndipo gari linaposhindwa baada ya kila kitu kingine kuonekana kimekubali. Rilizi beringi inatumikia pande mbili vilevile: tundu lake la ndani hutembea juu ya bomba la gia boksi linalozunguka shafti, na uso wake husukuma vidole vya presha pleti, yaani ncha za springi zilizo katikati yake. Tundu lifuate gia boksi. Uso ufuate presha pleti. Duara linaloguswa kwenye ncha za vidole liwe katikati ya uso wa beringi, kwa sababu beringi nyembamba itaingia kati ya vidole na beringi pana itagusa sehemu isiyokusudiwa. Hakikisha pia kwamba beringi na presha pleti zote mbili ni za kusukuma au zote mbili ni za kuvuta, hazibadilishani.

Baada ya hapo upimwe urefu. Laza rula iliyonyooka juu ya uso wa nyumba ya klachi, pale inapokutana na injini, upime kina hadi kwenye uso wa rilizi beringi ikiwa imerudi nyuma kabisa. Kisha, presha pleti mpya ikiwa imefungwa pamoja na pleti mpya, pima kutoka uso uleule wa injini hadi kwenye ncha za vidole. Ukilinganisha vipimo hivyo viwili utajua kama beringi inavifikia vidole, na kama imebaki na nafasi ya kurudi nyuma. Nafasi hiyo ni ya lazima, kwa kuwa laini ikilika, vidole vya klachi ya kusukuma husogea kuelekea gia boksi. Beringi isiyo na pa kurudi itaanza kuvibonyeza vidole hivyo pleti ikiwa imefika nusu ya umri wake, klachi itateleza, na mwenye gari ataambiwa amenunua pleti feki.

Mwisho wa kigezo hicho ni silinda za mafuta: masta silinda inayosukumwa na pedeli, na silinda ya chini inayousukuma uma wa rilizi beringi. Vidole vingi huhitaji beringi itembee takriban milimita 8 hadi 10 ili klachi iachie. Chukua masta silinda ya milimita 15.87 inayosukumwa milimita 30: silinda ya chini yenye kipenyo cha 19.05 itatembea karibu milimita 21, na yenye kipenyo cha 20.64 itatembea karibu milimita 18. Tofauti ya milimita moja na nusu ya kipenyo, ambayo jicho halioni, imekula milimita tatu za mwendo, na uma huupunguza tena mwendo unaobaki kabla haujafika kwenye beringi. Silinda kubwa chini huifanya pedeli iwe nyepesi lakini hupunguza mwendo. Ndogo hufanya kinyume. Fundi anayeondoa silinda na kufunga nyingine kwa kuwa boliti zimekubali anabadilisha hesabu hiyo bila kujua.

Kigezo cha nne ni spea za kesho. Klachi ni kitu kinacholika, kwa hiyo swali si kama gari litaondoka gereji leo, ni kama utaipata pleti ya namna hiyo ikikuishia Makambako au Tunduma. Gharama nayo ihesabiwe hivyo: bei ya leo pamoja na bei ya kuishusha gia boksi mara nyingine.

Njia ya kwanza: seti nzima kutoka gari lililotoa gia boksi

Kwa upande wa meno, njia hii haina maswali. Pleti, rilizi beringi, uma wake na shafti vilizaliwa pamoja. Swali linahamia nyuma ya kranki: je, flaiwili ngeni inakubali kufungwa kwenye injini yako? Hesabu boliti, pima duara lao, pima tundu la katikati, na hesabu meno ya ringi inayozungushwa na stata. Injini za ukoo mmoja, kama 2L, 3L na 5L za Toyota, zina nafasi kubwa ya kupokeana, ingawa hata hapo vipimo vichukuliwe. Injini za viwanda tofauti ni nadra kukutana. Zipo pia injini ambazo flaiwili yake imewekewa uzito wa makusudi upande mmoja ili kusawazisha kranki. Ukiiondoa na kuweka nyingine, injini inatetemeka na beringi zake za ndani zinaumia.

Kwa nguvu na mlima, seti inafaa ikiwa injini iliyoitoa ilikuwa na nguvu sawa na yako au zaidi. Ikiwa seti inatoka kwenye injini ndogo, usahihi wote wa meno hautakusaidia Kitonga. Kwa rilizi na pedeli, chukua na silinda ya chini ya gari lilelile, kisha ubaki na kazi moja tu ya kuilinganisha na masta silinda yako.

Kwa spea, hii ndiyo njia iliyo rahisi kuliko zote, kwa kuwa dukani unataja jina la gari moja. Jihadhari tu na seti ya mtumba inayong'aa. Pima kina kutoka uso wa laini hadi kichwa cha riveti. Toyota, kwa mfano, huweka kikomo cha milimita 0.3, na kikipungua hapo pleti imekwisha. Tazama madoa ya bluu na nyufa ndogo kwenye uso wa presha pleti, kwani hayo ni makovu ya joto. Mimi ningechukua flaiwili na presha pleti za mtumba zilizo safi, lakini pleti na rilizi beringi ningezinunua mpya, maana kazi ya kushusha gia boksi ni ileile.

Njia ya pili: kubaki na klachi ya injini yako

Njia hii inawezekana pale tu shafti mpya inapovaa pleti ya zamani, jambo linalotokea zaidi gia boksi inapotoka kwenye gari la kiwanda kilekile na la ukubwa uleule. Kwa mbano haina shaka yoyote: klachi iliyokuwa inaivuta injini yako jana itaivuta leo, kwa sharti kwamba uwiano wa gia haujabadilika sana. Gia ya kwanza iliyo ndefu (yaani ya mwendo zaidi na nguvu ndogo) kuliko ya awali huongeza muda wa kuteleza wakati wa kuondoka, hata kama kila kipimo cha klachi ni kilekile. Hilo halionekani kwenye meza ya gereji. Linaonekana kwenye kilima cha kutoka Ipogolo kuingia Iringa mjini.

Kwa rilizi, usidanganywe na meno yaliyokubali. Bomba la gia boksi mpya linaweza kuwa nene au refu zaidi, na uma ukawa na pembe nyingine, kwa hiyo kipimo cha kina nilichokieleza kifanyike kama ilivyo katika njia nyingine zote. Kwa spea, unaendelea na duka lako na fundi wako, na pleti unaijua. Ni njia ya gharama ndogo kwa mtu ambaye bado hajanunua gia boksi na ana uhuru wa kuchagua: anakwenda na pleti yake mkononi hadi kwa muuzaji, anaijaribu kwenye shafti moja baada ya nyingine, na analipa ile iliyokubali. Kwa aliyekwisha kununua, ni bahati tu.

Njia ya tatu: kuchanganya

Hapa flaiwili na presha pleti zinabaki za injini, pleti inatafutwa yenye kipenyo cha injini na meno ya gia boksi, na rilizi beringi inachaguliwa kwa tundu la gia boksi na uso wa presha pleti. Ndiyo njia inayotumiwa na mafundi wengi wanaofunga injini za Toyota au Isuzu kwenye magari yaliyozaliwa na injini nyingine, na ikifanywa kwa vipimo haina upungufu wowote kiufundi.

Kwa meno, kitabu cha orodha cha duka la spea kinasaidia kuliko jina la gari. Watengenezaji wakubwa wa klachi huandika kwenye orodha zao kipenyo cha nje, kipenyo cha ndani cha laini, idadi ya meno na kipenyo cha shafti. Muulize muuzaji atafute kwa vipimo hivyo, na asipokuwa na kitabu, mpe vipimo vyako vilivyoandikwa kwenye karatasi.

Meno na kipenyo yakikubali, tazama kitovu kwa pande zote mbili. Kitovu hakikai katikati sawasawa. Upande mmoja hutokeza zaidi. Pleti ikiwekwa kwenye flaiwili, springi zake na kitovu chake visiguse vichwa vya boliti za flaiwili, na upande wa pili visiguse vidole pale vinapobonyezwa. Paka udongo laini au grisi nyembamba kwenye vichwa vya boliti, funga presha pleti, bonyeza, fungua tena, na utazame kama kuna alama. Unene wa pleti nao ulingane na ule wa zamani, kwa sababu pleti nyembamba hulegeza mbano na hubadilisha mahali vidole vinapokaa.

Kwa nguvu na mlima, kipenyo cha laini kikiwa kidogo kuliko uso wa presha pleti unapoteza uwezo. Kikizidi, ukingo unaning'inia hewani na kuvunjika. Upungufu wa milimita chache unavumilika kwa gari dogo la mjini. Kwa gari la kubeba magunia sipendekezi upungufu wowote.

Kwa rilizi na pedeli, hii ndiyo njia inayodai uvumilivu mwingi zaidi, kwa kuwa hakuna kiwanda kilichowahi kuipima kwa niaba yako. Kuna mafundi wanaoongeza kipande cha chuma nyuma ya beringi au kurefusha kijiti cha silinda. Kijiti kirefu kinakubalika kama pistoni imebaki na nafasi ya kurudi. Kipande kinachoelea nyuma ya beringi bila kushikwa hakikubaliki, kwani kikihama usiku njiani Chimala hakuna cha kufanya.

Kwa spea, andika namba ya kila kifaa mahali ambapo haitapotea. Gari la namna hii likiuzwa bila karatasi hiyo, mnunuzi ataanza upya.

Njia ya nne: kutengenezesha pleti

Fundi hukata riveti za pleti mbili, huchukua kitovu chenye meno ya gia boksi na kukiunganisha na duara lenye laini ya kipenyo cha injini. Kazi hii ni ndugu wa ile ya kubandika laini mpya kwenye pleti za malori na matrekta, na wapo wanaoifanya kwa uaminifu mkubwa.

Meno yanatatuliwa kikamilifu, kwa kuwa kitovu ni kile kile cha shafti. Hatari iko kwenye mzunguko. Kitovu kikikosa kituo, pleti inayumba. Toyota huruhusu pleti iyumbe pembeni isizidi milimita 0.8, na pleti inayozidi hapo haiachii vizuri na hutikisa gari wakati wa kuondoka. Kitovu kiunganishwe kwa riveti, kisichomelewe. Uchomeleaji hupinda bamba jembamba na kulifanya gumu na jepesi kupasuka. Pleti inayopasuka kwenye mzunguko wa 5,000 kwa dakika inaweza kutoboa nyumba ya klachi na kuingia miguuni mwa dereva, kwa hiyo injini ya petroli inayokimbia sana isifungwe pleti ya namna hii. Trekta na dizeli ya mwendo wa chini zina unafuu.

Mbano na rilizi hufuata mambo yaleyale ya njia ya tatu. Spea ya kesho ni fundi mwenyewe. Akihama, pleti imehama naye.

Laini ya aina gani?

Swali hili linavuka njia zote nne, nalo nitalijibu kwa ufupi. Laini ya kawaida huvumilia kuteleza kwa muda na huondoka kwa ulaini, ndiyo maana inafaa kwa kuondoka shambani na mzigo. Pleti za vipande vya shaba au seramiki hustahimili joto kubwa zaidi, lakini hushika ghafla, na mshiko huo unaishia kwenye shafti, jointi na difu. Ikiwa klachi ya laini ya kawaida haitoshi, tafuta kwanza kipenyo kikubwa au presha pleti yenye mbano zaidi.

Na unaposafisha nyumba ya klachi ya gari la zamani, usipulize vumbi kwa kompresa, kwa kuwa laini nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

Kwa hali yako

Ikiwa bado hujanunua gia boksi, na gari lako ni la kawaida lenye spea kila mji, beba pleti yako ukanunue gia boksi inayoikubali. Njia ya pili itakuokolea fedha na muda.

Ikiwa una Hiace ya abiria inayofanya safari za Mbeya na Tukuyu kila siku, muda wa kusimama ndio hasara yako kubwa. Tafuta gia boksi ya ukoo uleule na uchukue seti nzima, ili klachi ikiisha spea ipatikane dukani siku hiyohiyo kwa jina moja la gari.

Ikiwa ni pikapu au lori dogo la viazi, mbao za Mufindi au mbolea, anza na kipenyo na mbano kabla ya kitu kingine. Kati ya njia ya kwanza na ya tatu, chagua ile inayokupa pleti kubwa zaidi iliyo kamili kwenye flaiwili, hata kama ina gharama zaidi. Kabla ya kumlipa fundi, lijaribu gari likiwa limepakiwa: lisimamishe kwenye mlima, uondoke kwa gia ya kwanza mara kadhaa, kisha uingize gia ya nyuma injini ikiwa kwenye sailensa, yaani ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Kama gia ya nyuma inakwaruza, klachi haiachii kikamilifu, na hitilafu itafutwe kwenye rilizi na silinda kabla ya kulaumu pleti.

Ikiwa injini na gia boksi ni za viwanda tofauti, njia ya tatu ndiyo iliyo wazi kwako, na fundi wa kukufaa ni yule anayeanza kwa kutoa kalipa na rula.

Ikiwa ni trekta au lori la zamani ambalo spea zake zimeadimika, njia ya nne ni halali. Mpe fundi muda, na uitazame pleti ikizungushwa kwenye mashine kabla haijafungwa.

Ikiwa unatoa gia boksi ya oto na kuweka ya gia za mkono, kumbuka kwamba injini yako haina flaiwili. Ina bamba jembamba lisiloweza kushika klachi. Utahitaji flaiwili, boliti zake, pedeli, masta silinda na mabomba, kwa hiyo tafuta gari la aina hiyohiyo lililokuja na gia za mkono uchukue seti nzima. Kabla ya kutoa fedha, mwambie fundi achungulie nyuma ya kranki, kwa kuwa baadhi ya injini za oto hazikuchongwa tundu la beringi ya pailoti, na kazi hiyo ikihitajika huenda kranki ikalazimika kutolewa ipelekwe kwa mchonga vyuma.